Notepad++ na brauza tu: uzoefu wangu wa kufundisha JavaScript kidato cha tatu, Moshi

Nafundisha kompyuta sekondari moja hapa Moshi, upande wa kupandia Kibosho, na huu ni muhula wa pili natumia Notepad++, programu ya kuandikia kodi (yale maagizo ya kompyuta), kuwafundisha vijana wa kidato cha tatu JavaScript, lugha ya kutengeneza kurasa za wavuti zinazojibu mtu akibonyeza, sio zile za kukaa tu na picha na maandishi.

Mwaka jana tulilipia darasa la mtandaoni, jina naliacha. Masomo mazuri ila kila kitu kinataka intaneti, na sisi tuna modemu moja kwa kompyuta 14, ikifika saa sita mchana kiduara kinazunguka tu vijana 42 wanakitolea macho, kipindi kinaisha hamjaandika hata mstari. Na hata ikilodi, kodi nyingi imeshajazwa, mtoto anaweka neno moja anabonyeza endelea. Siku moja nikawapa ukurasa mtupu, andikeni kitufe kimoja tu, darasa zima kimya. Iliniuma sana, manake ile ilikua michango ya wazazi.

Notepad++ ni bure na ni ndogo, nimeishusha nyumbani usiku nikaweka kwenye fleshi, ile ya kufungua moja kwa moja bila kuinstoli. Mashine zetu ni mitumba ya Windows 7, ram 2GB, na Chrome ya Windows 7 iliishia toleo la 109, lakini kwa haya tunayofanya inatosha kabisa. JavaScript inaendeshwa na brauza yenyewe, haihitaji seva wala bando, unaandika unasevu unarifreshi unaona.

Kingine nilichokipenda ni umeme. Ulikatika katikati ya kipindi, nusu yao hawajasevu, nikajua basi tena. Umerudi, tumefungua, kazi zote zipo, kumbe Notepad++ yenyewe inatunza nakala kila baada ya sekunde saba hata kama hujasevu!

Ila niwaambie kitu cha kahawa. Binti mmoja bibi yake ana shamba huko juu, akatengeneza ukurasa wa kujumlisha madebe, sehemu ya asubuhi, sehemu ya jioni, na kitufe cha jumla. Kwanza kikagoma kabisa, tukabonyeza F12, kile kitufe kinachofungua dirisha la makosa kwenye brauza, maandishi mekundu na namba ya mstari, kaandika getElementByID na D kubwa badala ya getElementById, agizo la kutafuta kitu kwenye ukurasa. Akarekebisha mwenyewe. Akaweka asubuhi 12, jioni 8, jibu likaja 128. Darasa likacheka, yeye hakucheka, akakaa anaiangalia ile jumla.textContent = asubuhi.value + jioni.value karibu dakika kumi na mimi nikajizuia nisimwambie, mpaka akasema mwalimu, inayaunganisha kama maneno. Ndivyo ilivyo, kinachotoka kwenye kisanduku ni maandishi hata kama umeandika namba, na alama ya kujumlisha ikikuta maandishi inayagundisha tu. Akazungushia Number, agizo la kugeuza maandishi kuwa namba, kila upande, ikatoka 20. Hakuna video ingemfundisha hivyo, mimi nilikua nimesimama pale naona anavyofikiri.

Upungufu upo, Notepad++ ni ya Windows tu, na vijana wengi nyumbani wana simu ya mzazi na sio kompyuta, kwa hiyo mazoezi yanabaki shuleni, na watatu kwenye mashine moja lazima uwe mkali wapokezane kibodi la sivyo mmoja ataandika muhula mzima. Na mwalimu ujiandae, hamna somo lililopangwa humo ndani, kila zoezi ni wewe kulitunga, mimi jioni zangu nyingi zimeishia hapo na sijutii.

Juzi yule binti kaniuliza, nikifunga ukurasa madebe ya jana yanapotea, niyatunze wapi? Nimemwambia localStorage, sehemu ya kutunzia data ndani ya brauza yenyewe, tunaanza nayo shule ikifunguliwa, na yenyewe pia haitaki bando.