Forosadi na stroberi za Lushoto kwa dada wa soko la Kisutu (na kile kipimo cha utumbo)

Jamani wale mnaosubiri kolonoskopi, kile kipimo cha kamera kwenye utumbo mpana, someni hii. Mi nilifanya mwezi uliopita na niliogopa mno, wiki nzima usingizi hamna. Kuna dada anauza matunda Kisutu hapa Dar, mzigo wake unatoka Lushoto, nilienda kununua forosadi kama kawaida nikamwambia alhamisi napima, akaniwekea kopo pembeni akakataa kuniuzia! Akasema kaka, mamdogo wangu alipitia hicho kipimo, muulize kwanza sista maana hizi zina mbegu. Nikapiga simu palepale na kweli bwana, siku kadhaa kabla unaacha vyote vya mbegu ndogondogo kwasababu zinabaki utumboni zinasumbua kamera, na vinywaji vyekundu au vya zambarau usiguse, hata rozela, ile rangi inaweza kuonekana kama damu. Muuzaji kuacha hela yako kwa ajili ya afya yako, aisee nilimheshimu sana.

Dawa ya kusafisha tumbo mi nilipewa lita 4, nusu jioni nusu alfajiri. Iweke friji, nywa kwa mrija, ikiwa baridi inapita. Na uende na mtu wa kukurudisha, ile dawa ya usingizi inakuacha umelegea na siku hiyo huendeshi chombo chochote. Kipimo chenyewe sikusikia kitu, nimefumbua macho naambiwa tayari.

Majibu mazuri namshukuru Mungu, ila daktari kasema choo kigumu kinanitesa sababu nakula nyuzinyuzi kidogo. Basi nikarudi kwa dada. Stroberi gramu 100 zina karibu gramu 2 za nyuzinyuzi na vitamini C kama miligramu 59, chungwa kwa uzito huohuo liko karibu hapo, na forosadi (mti uleule ambao majani yake wanalishwa viwavi wa hariri) zina na madini ya chuma. Sisemi zinatibu, dawa zangu naendelea nazo, ila asubuhi nachanganya na uji wa ulezi na tumbo limetulia kabisa.

Bei robo kilo elfu 5, sio ndogo ukilinganisha na papai. Na forosadi hazikai, kopo moja nililiacha mezani kesho yake limeota ukungu, hilo kosa langu, lingine lilikuja limepondeka chini nikampelekea picha akanibadilishia bila maneno. Nawahi kabla ya saa 2 asubuhi maana forosadi ndo zinaisha kwanza, zikifika nyumbani naosha zile za kula leo tu, zingine naweka friza bila kuosha.