Miche ya kutambaa inayouzwa kando ya barabara Goma: ipi ubebe, ipi uache

Mwenye ukuta wa mawe ya volkeno mjini Goma hakosi mche wa kuufunika. Wauzaji wa maua hupanga sashe zao nyeusi (vifuko vya plastiki vyenye miche) kandokando ya barabara, bei hupatanwa kwa franka, na chukudu, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili, ya kupeleka mzigo mitaa ya Himbi au Kyeshero iko karibu. Miche yenyewe ni mizuri kwa sehemu kubwa: imezoea hewa ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na bei yake haiumizi. Kasoro iko kwenye maelezo. Uliza mmea fulani unafaa wapi, utajibiwa, "Hii inapanda fasi yote, papa," yaani mahali popote. Haipandi fasi yote. Ficus pumila hujigandisha ukutani kwa vimizizi vyake, marakuja (pasheni) hushika waya kwa vikono, na bugenvilia haishiki kitu: hurusha matawi na kungoja yafungwe. Anayenunua kwa kutazama rangi ya ua atailipia tofauti hiyo baadaye kwa misumari, waya na mkasi.

Bugenvilia ndiyo ununuzi bora kuliko yote pale. Inavumilia udongo mwembamba na kiangazi cha Juni hadi Agosti, na jiwe jeusi linalotunza joto la mchana linaifaa. Inataka kupigwa na jua kwa muda wa saa sita kila siku. Nyuma ya nyumba yenye kivuli itatoa majani na miiba basi. Samadi ikizidi matokeo ni hayo hayo, na maji mengi pia huizuia kuchanua. Usichague mche mrefu kuliko wenzake. Tafuta wenye shina nene kama penseli pale chini, matawi mawili au matatu, na angalau kishada kimoja kilichochanua, kwa maana rangi ya mche usio na ua ni ahadi ya muuzaji tu. Kisha inua sashe. Vimizizi vyembamba vinavyochungulia kwenye matundu si tatizo. Tatizo ni mzizi mnene uliotoboa plastiki na kuingia ardhini: muuzaji akiuvuta kwa nguvu utakatika, na bugenvilia haisamehe mizizi yake ikivunjwa. Majani yatapukutika muda si mrefu na utafikiri ni kiu, uimwagie maji, uiozeshe kabisa. Wakati wa kupanda, chana sashe kwa wembe pande mbili ukiwa umeshaiweka ndani ya shimo. Usiishike shina ukavuta.

Ficus pumila, ile yenye majani madogo kama ya dengu, huuzwa kwa wingi na huonekana dhaifu kwenye sashe. Kwa ukuta wa mawe ya volkeno usiopigwa rangi hakuna mshindani wake: jiwe lina vitundu, na vimizizi hupata pa kung'ang'ania bila waya hata mmoja. Wengi hulalamika kwamba imepandwa na haitaki kushika. Sababu ni kwamba tawi lililokwisha kukomaa halirudi kujigandisha. Linaloshika ni chipukizi jipya. Kwa hiyo ukishapanda, kata matawi yote yabaki sentimita 10, na machipukizi yatakayofuata yatalala juu ya jiwe yenyewe. Mwaka wa kwanza utaona kidogo. Baada ya hapo usiipe nafasi: inatakiwa kukatwa mara mbili au tatu kwa mwaka, la sivyo inakomaa, majani yanakuwa makubwa na mazito, na matawi manene yanajitokeza mbele ya ukuta. Kama saruji kati ya mawe ilikuwa na mchanga mwingi, vimizizi vitaingia kwenye nyufa na kuzipanua. Chokonoa kwanza kwa msumari: saruji ikimomonyoka kama unga, ukarabati utangulie. Iweke mbali na foso (shimo) ya choo. Kwenye ukuta uliopakwa rangi nzuri pia usiilete. Siku utakapoitoa itaacha alama kila ilipokanyaga.

Thunbergia grandiflora, yenye maua makubwa ya samawati, ndiyo inayosifiwa zaidi na wauzaji, na kwa kweli ua lake linavutia. Tunaikataa. Ina viazi ardhini, hukua upya kila kipande kinapobaki, hupanda mti wa jirani na kuufunika hadi unyimwe mwanga. Katika nchi kadhaa za joto, Australia ikiwemo, imehesabiwa miongoni mwa magugu sumbufu. Matawi yake yakitupwa ovyo kwenye mabonde hushika mizizi, na mji huu uko mlangoni mwa hifadhi ya Virunga. Anayetaka maua ya kuning'inia kutoka juu atafute ndugu yake, Thunbergia mysorensis, yenye vishada virefu vya njano na nyekundu-kahawia ambavyo ndege chozi huvipenda. Hiyo inafaa pergola, yaani fremu ya nguzo ya kutambazia mimea juu, yenye kimo cha mita 2.5 au zaidi. Chini ya hapo vishada vitagonga wageni usoni.

Kuhusu "yasmini" kuwa mwangalifu, kwa sababu kila kinachonukia na kuwa cheupe hupewa jina hilo. Vunja jani moja. Likitoa utomvu mweupe kama maziwa, si yasmini halisi. Huenda ni Trachelospermum, ambayo nayo ni nzuri, lakini hukua polepole. Waridi za kutambaa hatuzipendekezi kwa mvua za hapa: madoa meusi hushambulia majani, na bila dawa za mara kwa mara unabaki na fimbo zenye miiba. Marakuja ya zambarau ni hesabu safi. Kwa takribani mwaka mmoja unaanza kuchuma, lakini usiitegemee kama pambo la kudumu, kwani baada ya miaka michache huchoka au kufa kwa kuoza mizizi. Ikifa hivyo, usirudishe marakuja nyingine kwenye shimo lile lile.

Sasa shimo, maana hapa ndipo miche mingi ya Goma hufia, na lawama humwendea muuzaji bure. Panapolala lava ya mwaka 2002, au ya zamani zaidi, udongo hakuna. Kuna mwamba wenye mapengo. Chimba kwa mtaimbo sentimita 60 kila upande na 60 kwenda chini, umbali wa sentimita 40 kutoka ukutani. Ukijaza udongo moja kwa moja, mvua itauteremsha kwenye mapengo na baada ya msimu mmoja mche utakuwa umezama na shingo yake kufunikwa. Ziba mapengo kwanza kwa mawe makubwa, kisha kokoto, kisha tandaza gunia kuukuu juu yake. Mchanganyiko: ndoo mbili za udongo wa kununua, moja ya samadi iliyooza hadi haina harufu, moja ya kokoto ndogo za lava. Kwa bugenvilia punguza samadi iwe nusu. Ukuta ukiwa mpya, zoa mabaki yote ya saruji. Chokaa yake huzuia mmea kupata chuma, na majani machanga hugeuka njano huku mishipa ikibaki kijani. Funika juu kwa majani makavu ya unene wa sentimita 5 hadi 8. Katika kiangazi cha kwanza bido (dumu) moja la lita 20 kwa wiki kwa kila mche, likigawanywa mara mbili, linatosha, na bila yale majani makavu halitoshi.

Waya uwe wa mabati, wa milimita 2 au 2.5, mistari ikiachana sentimita 40 na kukaa sentimita 5 mbele ya jiwe ili hewa ipite. Matao ya chuma ya kutambazia mimea juu ya njia, yale yaliyochomelewa tayari, yana kosa moja karibu yote: ni membamba. Mmea ulioshiba huchukua sentimita 30 kila upande, kwa hiyo tao la mita 1.2 linaacha njia ya sentimita 60. Agiza mita 1.8 kwa upana na 2.4 kwa urefu, miguu isimikwe kwenye zege la kina cha sentimita 40, kwani upepo wa ziwani hulikamata tao lililovaa majani kama tanga. Paka rangi ya kuzuia kutu kabla ya kupanda. Moshi wa volkeno ya Nyiragongo una gesi ya salfa, mvua inayoupitia huwa na asidi, na chuma kitupu huliwa haraka, hasa pale kilipochomelewa.

Nunua mwanzoni mwa Septemba mvua zinaporudi. Kwenye chukudu sashe zisimame wima, zibanane na kufungwa kamba. Mche uliolazwa ukarushwa juu ya mawe ya barabara hufika udongo umeshaachana na mizizi.