Tathmini: Paybill ya M-Pesa kwa kanisa changa

Kanisa likiwa na watu ishirini na tano wanaokutana kwenye darasa la shule ya msingi, sadaka ya simu huanza hivi: mtu anauliza, "Pasta, nitume kwa nambari gani?" na pasta anataja yake. Hakuna aliyekusudia ubaya. Lakini kuanzia Jumapili hiyo pesa za kanisa zinalala kwenye laini moja na karo ya watoto wa mchungaji, pesa ya unga na deni la Fuliza, ule mkopo wa papo hapo wa M-Pesa. Tena Fuliza haiulizi. Mwenye laini akiwa na deni, pesa yoyote inayoingia inakatwa kwanza kulilipa. Zaka ya mama mboga inalipa deni la pasta, na hakuna kikao chochote kilichoamua hivyo.

Kwa hivyo tathmini hii haipimi urahisi wa kutuma. Kutuma kwa nambari ya mtu ni rahisi vilevile. Kipimo ni kimoja: je, Paybill, ile nambari ya malipo ya M-Pesa inayosajiliwa kwa jina la taasisi, inatoa pesa ya kanisa mfukoni mwa mtu na kuiweka mahali ambapo zaidi ya mtu mmoja wanaiona? Jibu ni ndiyo, mkiipanga vizuri. Mkiipanga vibaya inakuwa nambari ya pasta iliyovaa suti.

Kwanza tuangalie njia nyingine, maana si kila kanisa changa linahitaji Paybill yake leo. Pochi la Biashara, huduma ya M-Pesa ya wafanyabiashara wadogo, iondoeni kwenye orodha mapema: inasajiliwa kwa jina la mtu, basi tatizo liko palepale. Till, ile nambari ya Buy Goods ya kulipia bidhaa, ni nzuri kwa duka, na mtumaji hakatwi ada. Kasoro yake kwa kanisa ni kwamba haina sehemu ya kuandika akaunti. Jumapili ikiisha mnaona shilingi 3,400 zimeingia na hamjui ni kiasi gani ni zaka, ni kiasi gani mtu alitoa akitaka kununua mabati. Mkikisia, mmeshaanza kutumia pesa ya mabati kulipia kodi ya darasa.

Njia ya tatu ni Paybill ya benki: 247247 kwa Equity, 522522 kwa KCB, 400200 kwa Co-operative. Kanisa linafungua akaunti benki, na mtoaji anaandika nambari ya akaunti hiyo pale panapoulizwa akaunti. Pesa inaingia benki moja kwa moja, wala hakuna mtandao wa ziada wa kusimamia. Shida ni urefu. Akaunti ya KCB ina tarakimu 10, ya Equity 13, ya Co-operative 14. Mzee anayevaa miwani kusoma zaburi hawezi kunakili tarakimu 14 kutoka ukutani bila kukosea moja, na nambari iliyokosewa ikiwa ni akaunti ya mtu mwingine, pesa imekwenda huko. Pia kusudi la sadaka halionekani. Hata hivyo, kwa kanisa ambalo halijatimiza mwaka na halina usajili wake, hii ndiyo njia ninayoipendekeza, au kutumia Paybill ya kanisa mama kwa alama ya tawi. Tawi likiwa Kitengela, washirika waandike KIT, na mweka hazina wa kanisa mama atume hesabu ya KIT kila Jumatatu. Elewaneni kwa maandishi tangu mwanzo pesa hizo zitafika lini kwenye tawi. Maneno ya mdomo kati ya kanisa mama na tawi huharibika pesa zikianza kuwa nyingi.

Kupata Paybill yenu wenyewe kunahitaji kanisa liwe mtu mbele ya sheria. Andaeni cheti cha usajili, PIN ya KRA (nambari ya mlipakodi ya mamlaka ya mapato ya Kenya) ya kanisa lenyewe wala si ya mchungaji, uthibitisho wa akaunti ya benki kwa jina lilelile lililo kwenye cheti, na vitambulisho vya viongozi. Kanisa likisajiliwa kama chama chini ya Sheria ya Vyama, chama kinaanzia watu kumi, pamoja na katiba na viongozi waliochaguliwa. Maombi mengi hukwama kwenye jina: cheti kinasema "Kanisa la Neema Centre", benki iliandika "Neema Church", na PIN ina "Ministries" mwishoni. Linganisheni herufi kwa herufi kabla hamjapeleka chochote. Kurekebisha benki ni kazi ya siku, kurekebisha cheti ni safari nyingine kabisa.

Mtaulizwa pia nani abebe ada ya muamala. Kuna mpango ambao mtoaji hulipa yote, kuna ambao kanisa hulipa yote, na kuna ule wa Mgao ambao pande mbili hugawana. Kwa kanisa changa chagueni kanisa libebe. Anayetuma shilingi mia mbili tatu akiona amekatwa ada, Jumapili ijayo atasema nitaleta taslimu, na Jumapili ijayo hana taslimu. Someni jedwali la ada la siku mnayojisajili, kisha andikeni gharama hiyo kwenye bajeti kama mnavyoandika kodi.

Sasa sehemu yenye uzito: kile kisanduku kinachouliza akaunti. Ndicho kinachoipa Paybill thamani yake kuliko Till, na ndicho kinachoharibika haraka. Makanisa mengi hubandika ukutani: ZAKA, SADAKA, UJENZI, MISHENI. Inapendeza machoni. Chukua kabambe, ile simu ndogo ya vitufe, ujaribu kuandika UJENZI. U ni mara mbili kwenye 8, J mara moja kwenye 5, E mara mbili, N mara mbili, Z mara nne kwenye 9, I mara tatu kwenye 4. Mibonyezo kumi na minne, na ukichelewa kidogo au ukiharakisha herufi inabadilika. SADAKA ni kumi. Ndiyo maana taarifa ya mwisho wa wiki hujaa "SDAKA", "sadka", "Fungu la 10", "tithe", "10%", "Mama Brian", "kwa Bwana". Wote walitoa kwa moyo. Mfumo unapokea chochote kilichoandikwa, kwa sababu Paybill ya kawaida haikagui akaunti. Ukaguzi huo unawezekana kupitia Daraja, jukwaa la Safaricom la kuunganisha mifumo, lakini unahitaji mtaalamu wa programu na seva inayofanya kazi saa zote. Kanisa la watu sitini lisijitie huko.

Tumieni herufi moja. Z kwa zaka, S kwa sadaka, U kwa ujenzi, M kwa msaada wa wenye shida. Zisizidi nne. Kila alama mpya inayoongezwa kwa ajili ya wiki ya maombi, semina ya vijana au siku ya akina mama inawafanya watu wasahau zile za kwanza. Kisha tangazeni mapema, tena katika ibada, kwamba muamala wowote usioeleweka utahesabiwa kuwa sadaka ya kawaida. Kanuni hiyo ikitangazwa kabla, mweka hazina hana haja ya kukisia, na hakuna atakayesema pesa yake ya ujenzi ilipotezwa.

Bango liwe na mistari mitatu tu: nambari ya Paybill, alama nne, na jina la kanisa kama litakavyotokea kwenye ujumbe wa M-Pesa. Jina ni muhimu kwa sababu ndilo linalomthibitishia mtoaji kwamba hakukosea. Na bango livuliwe kila baada ya ibada likae kwa mtu anayejulikana. Darasa la shule lina watu wengi katikati ya wiki, na kubandika nambari nyingine juu ya yenu ni kazi ya dakika moja.

Upande wa usimamizi, pesa ikilipwa inaingia kwanza kwenye akaunti iitwayo Utility. Haitoki hapo kwenda benki moja kwa moja. Inahamishwa kwanza hadi akaunti ya Working, ndipo inatolewa kwenda benki. Waweka hazina wapya hushtuka wakiona Working ina sifuri na kudhani pesa imepotea, kumbe iko Utility. Mfumo unaruhusu mtu mmoja aanzishe hamisho na mwingine aliidhinishe. Tumieni nafasi hiyo. Mweka hazina aanzishe, mzee mmoja wa kanisa aidhinishe, kila mmoja kwa simu yake na nywila yake. Ubaya wa kawaida ni huu: mzee anachoka kuulizwa namba ya siri ya mara moja kila Jumatatu, anampa mweka hazina nywila, na laini anaiacha kwake. Kwenye karatasi kuna watu wawili; kwa kweli yuko mmoja. Kama mzee hana muda wa dakika tano kwa wiki, achaguliwe mwingine.

Utaratibu wa wiki unaofanya kazi ni mfupi. Wiki ianze Jumatatu iishe Jumapili usiku, kwa sababu wengi hutuma jioni wakishafika nyumbani, hasa pale mtandao ni hafifu kwenye eneo la ibada. Jumatatu watu wawili wakae pamoja, wapakue taarifa, waipange kwa safu ya akaunti, na waandike alama sahihi kwenye safu mpya kando bila kufuta alichoandika mtoaji. Wajumlishe Z, S, U na M, waongeze taslimu ya kikapu iliyohesabiwa Jumapili na kutiwa sahihi, ndipo wahamishe jumla yote ya simu kwenda benki kwa mkupuo mmoja. Hapo mstari mmoja wa benki unalingana na ukurasa mmoja wa daftari. Mkihamisha vipande vipande kila mnapokwama, baada ya miezi mitatu hakuna atakayeweza kuoanisha vitabu.

Kikapu kisiondolewe. Watoto, wazee wasio na simu, na wale wanaopenda kuinuka na kutoa kwa mkono wana haki yao ya kuabudu kwa kutoa.

Jambo ambalo wauzaji wa mifumo hawalitaji kamwe ni jina. Taarifa ya Paybill inaonyesha nani katoa, kiasi gani, saa ngapi. Kikapu hakikuwahi kufanya hivyo. Mchungaji akiisoma, Jumapili inayofuata anamsalimu ndugu huku akijua ametoa elfu ishirini, na mwingine akijua hajatoa tangu Pasaka. Hata mchungaji mwema hubadilika bila kujua: anamtembelea huyu haraka, yule anamweka wiki ijayo. Yakobo alilikemea kanisa kwa kumpa mwenye pete ya dhahabu kiti kizuri, na hii taarifa ni pete ya dhahabu iliyopangwa kwa safu. Mchungaji apewe jumla nne na idadi ya watoaji, basi. Idadi ndiyo itakayomsaidia kichungaji: watoaji wakishuka kutoka arobaini hadi ishirini na nane huku jumla ikibaki ileile, kanisa limeanza kuegemea watu wachache, na hiyo ni habari ya kuombewa na kushughulikiwa. Orodha ya majina isitumwe WhatsApp hata kwa nia ya kushukuru. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inahesabu imani ya mtu kuwa taarifa nyeti, na orodha ya watoa zaka ni orodha ya imani.

Matapeli nao wanajua Paybill za makanisa. Mtu anapiga simu akisema ametuma 15,000 badala ya 1,500, anaomba arudishiwe upesi, tena anatuma ujumbe wa M-Pesa kama ushahidi. Msirudishe kwa simu ya mtu. Tafuteni ile nambari ya muamala yenye herufi na tarakimu kumi kwenye mfumo; isipokuwepo, hakuna pesa iliyoingia. Ikiwepo, irudishwe kwa mfumo wenyewe, kwa laini ileile iliyotuma. Na kwa anayetaka kutoa kiasi kikubwa, tuseme 400,000 za kiwanja, mwelezeni mapema kwamba muamala mmoja hauzidi 250,000, atatuma mara mbili, zote kwa U.

Alama yangu: nne kati ya tano kwa kanisa lililosajiliwa lenye watu wawili waaminifu wa kukaa Jumatatu jioni. Mbili kati ya tano kwa kanisa ambalo mchungaji ndiye atakayeshika kila kitu, na kwa hilo ni afadhali Paybill ya benki yenye sahihi mbili. Paulo aliposafirisha mchango wa Yerusalemu alifuatana na ndugu aliyechaguliwa na makanisa, na alikuwa Paulo.

Kabla ya kuwasha nambari, andikeni kwenye kumbukumbu za kikao nani ana jukumu gani kwenye mfumo na laini gani inapokea namba za siri. Laini ya msimamizi mkuu iwe ya kanisa, ikae kwenye simu inayofungiwa kabatini. Mweka hazina akihamia mjini mwingine na laini yake ndiyo iliyosajiliwa, sadaka itaendelea kuingia kila Jumapili na hakuna atakayeweza kuitoa hadi kumbukumbu mpya zitiwe sahihi, fomu zijazwe, na mabadiliko yakubaliwe. Wakati huo wote mwenye darasa anadai kodi.