Pampu ya joto badala ya boila ya gesi: naipa nyota 4

Jamani mlioko Uingereza mnaowaza kutoa boila ya gesi (ule mtambo wa kuchemsha maji ya kupashia nyumba joto), mi nimefunga pampu ya joto na naipenda sana, inavuta joto kwenye hewa ya nje hata kwenye baridi na kulileta ndani ya nyumba, yuniti moja ya umeme inakupa kama yuniti tatu za joto, na kwa England na Wales serikali inachangia pauni 7,500, fundi ndo anaomba halafu anakukatia kwenye bei. Ila radieta (vile vyuma vya ukutani vinavyopita maji ya moto) haziunguzi mkono kama za boila, maji ni nyuzi 45 hivi, unaiacha iwake taratibu kutwa. Nyota moja nimekata kwa mafundi, walitaka kuacha radieta ndogo ya zamani sebuleni, nikagoma, maana kwa maji ya nyuzi 45 inatakiwa kubwa. Na kwanza tandikeni sufu ya kuzuia joto juu ya dari, mzibe na mianya ya madirisha, la sivyo joto lote linatoka nje.