Senta mbili badala ya mandreli: kalamu 30 baadaye

Assalamu alaikum ndugu zangu, karibuni tena karakanani, hapa Langoni, Lamu. Leo sina kalamu mpya. Nina vyuma viwili hivi vya kubania mti kwenye mashine ya kukerezea kalamu, senta zenye ncha ya nyuzi 60. Hii haina beringi, yakaa upande wa mota. Hii ya pili ina beringi, yakaa mkiani mwa mashine na kuzunguka pamoja na mti.

Wengi mnaonitumia picha mmeshavuka hatua ya kwanza. Kalamu inang'aa, umbo zuri, lakini pale mti unapokutana na pete ya chuma ya kalamu, upande mmoja umepanda na wa pili umezama. Kidole hukihisi kitu hicho kabla ya jicho. Mwaniuliza mkono umekosea wapi. Mara nyingi mkono hauna kosa. Tazameni mandreli.

Mandreli ni ufito mwembamba wa chuma unaopitishwa ndani ya kipande cha mti ili kukishika kikikerezwa. Kaza nati kupita kiasi, au sukuma mkia wa mashine kwa nguvu, nao utapinda. Ukishapinda, kipande kinayumba kikizunguka na patasi inakula upande mmoja. Huu ni wangu, nauviringisha juu ya kioo. Mwauona mwanga unavyopita chini yake? Nimehangaika nao mwaka mzima nikidhani sijui kunoa!

Kwenye senta hakuna ufito. Kipande kinabanwa kati ya ncha mbili, basi. Na hapa ndipo naguswa hasa, kwa sababu keezo la kamba la wazee wetu, waliokereza tendegu za vitanda, lilibana mti vivyo hivyo, kati ya ncha mbili.

Nimekereza kalamu 30 kwa senta hizi, nyingi za mpingo na mbambakofi. Tazama ncha ya kipande hiki: unene wa mti kuzunguka mrija wa shaba ulio ndani yake ni mmoja pande zote.

Sasa kasoro zake. Kalamu nyembamba ya mrija wa milimita 7 ina vipande viwili, na kila kimoja unakikereza peke yake, kwa hiyo kazi inachelewa. Ukikaza sana, mdomo wa mrija unapanuka. Ncha za kipande zikiwa mshazari, senta haikuokoi, zisawazishe kwanza. Halafu bushi, vile vipete vya chuma vya kwenye ncha za kipande vinavyoonyesha kipimo cha kukereza: zile za mandreli mdomo wake haukukatwa kwa nyuzi 60, na zangu zimelika vibaya. Tafuta za senta. Hata hizo msasa huzila kidogokidogo, ndiyo maana mimi sasa naiamini kalipa (chombo cha kupimia unene): napima pete yenyewe, nakereza mpaka kipimo kile. Kujifunza kupima hivyo kumenifaa kuliko patasi yoyote niliyonunua.

Mpingo, tafadhali, msiupashe joto kwa msasa. Hupasuka nyufa nyembamba kama unywele. Na una mafuta, ufute kwa asetoni kabla ya kupaka supagluu.

Kabla ya kununua, angalia Morse ya mashine yako, yaani kipimo cha tundu linaloingia senta, namba 1 au namba 2. Ukikosea, senta haikai sawasawa. Na kwa hewa yetu hii ya chumvi, ipake mafuta kila jioni.

Anayeanza leo, mandreli inamtosha kwa kalamu tano sita. Wewe unayesumbuliwa na ile pete, nunua senta na kalipa kabla ya patasi nyingine.