Uvimbe ubavuni: uzoefu wangu na kipimo cha ultrasaundi

Nilikuwa naoga tu, mkono ukapita ubavuni kushoto nikagusa kitu, kinundu hivi chini ya ngozi kama gololi. Hakiumi. Basi toka siku hiyo nikawa nakibonyeza asubuhi mchana usiku mpaka pakaanza kuuma kweli, nikasema tayari hii kansa, kumbe maumivu yale yalitoka kwenye vidole vyangu. Wiki tatu sijamwambia mtu, na hilo najuta mpaka leo.

Daktari wa kwanza akanipiga eksirei, ikatoka safi, akasema nenda nyumbani huna kitu. Dokta, mbona nakishika?? Baadaye ndo nikaelewa, eksirei inaona mfupa vizuri ila vitu laini kama mafuta, au gegedu zinazounganisha mbavu na mfupa wa kifua, hapo haisaidii sana. Kwa hiyo eksirei safi isikufunge mdomo.

Wa pili alikuwa tofauti kabisa. Kimeanza lini, kinakua, umewahi kuanguka au kugongwa hapo (maana ubavu uliovunjika ukiunga unaweza kuacha kinundu), unapungua uzito, unatoka jasho usiku? Akakisukuma pembeni kikateleza, akaniandikia ultrasaundi.

Sasa hiyo ultrasaundi naipa nyota nne. Unalala, unapakwa jeli ya baridi, kama robo saa umemaliza, haiumi na haina mionzi. Aliyenipima alipima na upande wa kulia alinganishe, nilimpenda sana kwa hilo. Ila weka alama ya kalamu kabla hujaenda jamani, mi nilipolala kinundu kikapotea tukakitafuta weee! Nyota ya tano nimeinyima kwa sababu nilipewa karatasi ya kitaalamu tupu nikaenda nayo nyumbani natetemeka, mpaka daktari aliponisomea kesho yake: lipoma, uvimbe wa mafuta, sentimita 2, sio kansa.

Hakijakatwa, kipo tu. Ila daktari alisema kikikua haraka, kikipita sentimita 5, kikiwa kigumu kimeng'ang'ania chini hakisogei au kikianza kuuma hasa usiku, nirudi bila kusubiri, hapo wanaweza kupiga MRI (picha ya ndani ya mwili kwa mashine ya sumaku) au kutoa kinyama kidogo wakapime. Sasa hivi nakigusa mara moja kwa mwezi, naandika ukubwa wake kwenye simu.