Marzemino ya bonde la Adige, Moshi: nzuri, ila kagua kizibo

Mvinyo huu mwekundu unauzwa katika duka moja la vinywaji katikati ya mji, kwa zaidi ya mara mbili ya bei ya mwekundu wa Dodoma. Bei inakubalika. Tatizo ni rafu.

Unatoka Isera, kijiji cha kaskazini mwa Italia kilicho ng'ambo ya mto Adige, mkabala na mji wa Rovereto. Adige una kilomita 410, wa pili kwa urefu Italia baada ya Po. Udongo wa Isera ni wa volkeno, ndugu wa ule unaolea kahawa ya Kibosho. Zabibu ya Marzemino huchelewa kuiva na hushikwa upesi na ukungu, kwa hiyo mizabibu hutandazwa juu ya vichanja ili hewa ipite, na Ora, upepo wa mchana kutoka ziwa Garda, hukausha majani. Maganda hayaachwi muda mrefu kwenye tangi: rangi hukolea, ukakasi hubaki kidogo.

Kadi ya dukani inasema "Italia tangu karne ya 19". Hapana. Bonde hilo lilikuwa la Austria-Hungaria hadi mwisho wa Vita Kuu ya Kwanza, likakabidhiwa rasmi kwa Italia kwa mkataba wa 1919. Kuanzia Mei 1915 mstari wa mbele ulilikatiza. Wakazi walihamishwa na mahandaki yakachimbwa mashambani. (Vita hivyohivyo viliwaingiza Waingereza Moshi, Machi 1916.) Kengele kubwa ya Rovereto ilisubuliwa kwa shaba ya mizinga ya mataifa yaliyopigana.

Sasa rafu. Chupa za juu zimesimama karibu na bati, na Januari joto la Moshi hupita nyuzi 30. Mvinyo ukipata joto hutanuka, husukuma kizibo, hewa huingia, na harufu ya urujuani hugeuka ya jamu iliyoungua. Papasa juu ya kifuniko: kizibo kikiwa kimevimba au shingo inanata, iache. Chukua zilizolazwa chini, tena za mavuno ya miaka mitatu iliyopita au karibu zaidi; Marzemino si ya kuwekwa akiba.

Nyumbani, iweke kwenye friji kabla ya kumimina, hadi ifike nyuzi 15 hivi. Ukibakiza, rudisha kizibo na umalize kesho yake. Inakwenda na kitimoto cha kukaanga au ndizi nyama. Pilipili nyingi huiua kabisa.